Dume mzee wa Adirondack hapatikani kwa kukaa chini ya mti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuwinda kulungu wa mkia mweupe jimboni New York iliwashauri wasomaji watafute mti kando ya shamba la mahindi, wakae, wasubiri. Kwenye mashamba ya kusini ushauri huo unafaa. Lakini wasomaji wenu wa Utica na Syracuse wanaopanda kwenda Adirondack, hifadhi ya milima na misitu kaskazini mwa jimbo, utawamalizia msimu bure, kwa kuwa huko ndani hakuna mahindi. Hifadhi ile ina takribani ekari milioni 6, na zaidi ya milioni 2.5 ni msitu wa umma ambao katiba ya jimbo imekataza kuukata tangu karne ya 19. Kivuli kingi, malisho haba, kulungu wachache waliotawanyika. Madume huzeeka humo kwa sababu wawindaji wengi hawaiachi barabara mbali.

Anzeni na chakula. Kuna mti wa gome laini la kijivu, bichi, unaodondosha kokwa ndogo za pembe tatu. Mwaka ukizaa sana majike hujazana chini yake, na mwaka unaofuata huenda msipate hata kokwa moja, hivyo mahali palipokuwa pazuri mwaka jana pasiwadanganye. Kati ya tarehe 10 na 20 Novemba dume hafuati chakula, anafuata majike, naye hukatiza pale ardhi inapomrahisishia: mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, au juu ya bwawa lililojengwa na biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa miti. Tafuteni hapo shina nene kama paja lililochubuliwa gome kwa pembe, lenye makovu ya zamani chini ya mapya. Hiyo ni njia ya miaka mingi, si ya usiku mmoja.

Theluji ikianguka, hapo ndipo kazi yenyewe. Unyayo wa dume mkubwa una upana wa vidole vinne au zaidi, na ule wa kushoto umeachana na wa kulia kwa sababu kifua ni kipana. Panapo miti midogo iliyosongamana, jike hupenya, dume huzunguka. Alipoinamisha kichwa kula, mtaona alama ya pua na pengine vitundu vya ncha za pembe kandokando yake. Bonyezeni ndani ya unyayo kwa kidole: ukiwa laini na kingo kali, yuko mbele, ukiwa mgumu kama sahani, ni wa jana, uacheni.

Nyayo zikienda moja kwa moja, anatembea, nanyi tembeeni upesi bila kujali vijiti vinavyovunjika. Zikianza kupindapinda, zikapanda kuelekea miti iliyoanguka au kichaka cha misonobari, anatafuta pa kulala. Simameni. Kuanzia hapo ni hatua moja na kutazama kwa muda mrefu. Kosa linalowapotezea wengi ni kukaza macho kwenye nyayo ilhali mnyama amelala pembeni akiichungulia njia aliyojia. Tazameni mbele, mtafute mstari wa mgongo uliolala kati ya mashina yaliyosimama. Upepo nao: asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, jioni hushuka, basi msimjie kutoka upande unaompelekea harufu yenu.

Saa 8 mchana geukeni, popote mlipo. Katikati ya Novemba jua huzama kama saa 10 na nusu. Bebeni dira mbili, kwani betri ya simu hufa kwenye baridi, na vaeni sufu. Pamba ikilowa inaua kwa baridi.

Makala haikugusa kabisa namna ya kumtoa mnyama msituni. Jazeni kibandiko cha leseni hapo hapo alipoangukia. Pasueni tumbo kwa kuinua ngozi kwa vidole viwili, makali ya kisu yakitazama juu, msije mkatoboa kibofu au utumbo; kateni kiwambo cha kifua na koo la pumzi, kisha mgeuzeni damu imwagike. Dume wa kilo 90 baada ya kutolewa matumbo huburutwa kwa kichwa, kufuata mlalo wa manyoya, kamba ikizungushwa kwenye pembe na kufungwa mdomoni. Kilomita 2 zinaweza kula siku iliyobaki, na pikipiki za matairi manne haziruhusiwi kwenye msitu ule, kwa hiyo kila anayefuata nyayo bondeni aihesabu kwanza njia ya kurudi. Toeni risasi bundukini kabla ya kuanza kuburuta, na mfunge kitambaa cha rangi ya machungwa kwenye pembe: mwindaji mwingine akiona manyoya yanasogea vichakani, hawezi kujua kwamba nyuma yake kuna watu.

Msomaji wenu,
Utica, New York