Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashimo, Vetiva na Maji ya Masika

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu zilielekea kwenye kuyashika maji ya mvua huku huku mtaani, kabla hayajateremkia bonde la mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, na maji tunayoyaachia huku juu yanapitia Jangwani.

Hesabu ni hii. Paa la mita 10 kwa 6 likinyeshewa milimita 50 hutoa lita 3,000. Shimo la kunyonya maji la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, likishajazwa mawe halibebi lita 1,500. Mawe yanakula nafasi, zinabaki kama 600. Kwa hiyo shimo moja likifurika, fundi hana kosa. Maji yaanzie kwenye simtanki, ziada ndiyo iende shimoni.

Mashimo ya juu, kwenye mchanga, yananyonya. Ya bondeni mengi yamekufa. Kule maji ya ardhini yako karibu, masika shimo hujaa kutokea chini. Lakini muuaji mkubwa ni tope. Maji ya barabara ya vumbi yaliingizwa moja kwa moja, tope laini likajipenyeza kati ya mawe. Ukifukua unakuta yameshikana kama zege. Hapo hakuna kuzibua: ni kuyatoa, kuyaosha na kuyarudisha.

Basi shimo lisichimbwe bila chemba ya kutuliza tope, sentimita 60 kila upande, bomba la kutokea likae sentimita 30 juu ya sakafu. Kwanza jaribuni udongo: kitundu cha sentimita 30, kijazwe maji, yakiisha kijazwe tena, ndipo mpime. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, hapo ni mfinyanzi, acheni. Na kaeni mbali na msingi wa nyumba, angalau mita 3, na mbali zaidi na shimo la choo.

Vetiva, yaani nyasi za kushikilia udongo, za kingo za mtaro zimeshika pale zilipopandwa mvua zikianza, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Zilipoachana, maji yamepita katikati na kuchimba korongo.

Kamati inapendekeza fedha za mwaka ujao zisichimbe shimo jipya hata moja. Ziende kwenye kuzoa tope la chemba, Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika. Kila nyumba itoe mtu mmoja na beleshi. Tope lipakiwe kwenye mkokoteni siku hiyo hiyo. Likilazwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha mtaroni.