Mtambo ule ni friji kwanza

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu mtambo wa kugonganisha chembe, ule ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilisomwa kwa sauti hapa kibandani kwangu Kirumba. Kijana ninayemfundisha kazi akaniuliza, "Fundi, kumbe hawa watu wanataka kutumaliza?" Simlaumu. Mwandishi wenu alijaza ukurasa kwa moto, milipuko na shimo jeusi litakaloimeza dunia. Mimi ni fundi friji, mwaka wa 22 sasa, na nilichokitafuta katika makala ile ni baridi. Nilikuta mahali pamoja tu pameandikwa "nyuzi 271". Alama ya kutoa sikuiona.

Mtambo huo, LHC wa CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa fizikia lililo karibu na Geneva, umo ndani ya handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27, kama mita 100 chini ya ardhi. Ukiuleta hapa Mwanza, upana wake ungeanzia mjini kati hadi kukaribia Nyegezi. Humo zinazungushwa protoni, chembe ndogo zilizomo katikati ya atomi, ambazo asili yake ni mtungi wa haidrojeni tu. Zikiachwa zitakwenda moja kwa moja na kugonga ukuta, ndiyo maana kuna sumaku 1,232 za kuzipindia njia, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35. Sumaku hizo hupitishiwa umeme wa karibu ampea 12,000. Waya wa shaba wa unene ule ungeyeyuka. Wao wanatumia waya wa niobiamu na titaniamu, ambao ukipoa vya kutosha hauukwamishi umeme hata kidogo, kwa hiyo haupati moto. Na kupoa vya kutosha maana yake ni nyuzi 271 chini ya sifuri. Sisi hapa kwenye soko la samaki la Mwaloni, chumba cha samaki kikifika 20 chini ya sifuri tunapeana mikono.

Gesi yao ya kupozea ni heliamu, kama tani 120. Na kabla ya kuzungusha chochote wanavuta vakyumu, yaani kuitoa hewa, kwenye bomba la protoni, kama ninavyovuta mimi kabla ya kuchaji friji, ila wao wanafika kwenye presha ya sehemu moja kwa trilioni 10 ya hewa hii tunayovuta. Pampu yangu naionea huruma.

Protoni huzunguka handaki lote mara 11,245 kwa sekunde, mafungu kwa mafungu, mengine kulia, mengine kushoto, na hukutanishwa mahali panne. Kila fungu lina protoni kama bilioni 100. Usidhani zote zinagongana. Fikiria mawingu mawili ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, yakapishana: wengi watapita bila kugusana. Ndivyo ilivyo, zinagongana jozi chache tu, makumi kwa kila mpishano, ila mipishano ni mamilioni kila sekunde. Nguvu ya mgongano inageuka kuwa chembe mpya, nyingine zinakufa papo hapo, na vifaa vikubwa kama nyumba za ghorofa vinarekodi mabaki yake. Ni kama mtu anayetazama magamba sakafuni akajua samaki gani aliparuliwa pale. Hivyo ndivyo walivyoitambua chembe ya Higgs, ile inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, wakaitangaza tarehe 4 Julai 2012.

Ama hilo shimo jeusi: mgongano mmoja una nguvu ya mbu kumi na kadhaa wanaoruka. Ni kubwa kwa sababu imebanwa ndani ya protoni mbili. Na chembe kutoka angani zenye nguvu kupita hizo zinaipiga dunia, pamoja na mawe yetu haya ya Mwanza, tangu enzi na enzi, na bado tupo.

Kilichowatesa kweli ni jointi. Protoni zilizungushwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2008. Siku tisa baadaye, wakipandisha umeme, jointi moja kati ya sumaku mbili, katika jointi zaidi ya 10,000, ikapata moto. Cheche ikatoboa kasha la heliamu, heliamu ikafumuka kwa kishindo hadi sumaku za tani 35 zikahama kwenye vitako vyake. Sumaku 53 zilitolewa. Mtambo ulilala hadi Novemba 2009.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka yangu. Mwaka 2019 nilifunga kontakta, ile swichi kubwa ya kuwasha na kuzima mota, kwenye chumba cha baridi cha mama mmoja muuza sangara. Skrubu moja sikuimalizia kukaza. Simu iliita, nikapokea, nikasahau. Ikawa inapata moto kimya kimya, ganda la waya likawa la kahawia, kisha jeusi, na usiku wa Jumamosi moja ikakata. Asubuhi mama akapiga: "Fundi, njoo unuse kazi yako." Nililipa kwa miezi mitano. Skrubu ile ninayo hadi leo kwenye kopo la misumari, na ndiyo niliyomwonyesha kijana alipouliza kuhusu mwisho wa dunia.

Naomba basi mrekebishe ile alama ya kutoa. Jointi za LHC zimelehemiwa kwa bati lenye fedha kidogo. Kwenye nyuzi 271 mlizoandika, lehemu yote ingekuwa imeshayeyuka.

Fundi friji,
Kirumba, Mwanza