Tarakimu sita za Bluetooth zisomwe kabla ya kupima korosho

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukikaribia, maghala ya vyama vya msingi vya ushirika kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Liwale hufagiliwa na mizani hukaguliwa. Katika vituo vinavyotumia vifaa vya kidijiti, pamoja na mizani hutolewa pia kabatini kimashine cha kuchapa risiti na simu ya karani. Mara nyingi vitatu hivyo huzungumza bila waya, kwa Bluetooth. Tunaomba nafasi tueleze jinsi mazungumzo hayo yanavyolindwa, na pale ambapo hayalindwi kabisa, kwa sababu uzito wa gunia la mkulima unapita humo.

Tuanze kwa kuondoa hofu moja. Wapo wanaoamini kwamba ukiwasha Bluetooth pale stendi ya Mkanaledi, aliyekaa kiti cha jirani anazivuta pesa zako za simu. Menyu za *150* hupita kwenye minara ya kampuni za simu, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Hatari ya Bluetooth iko hasa katika dakika ile moja ambapo vifaa viwili vinajuana kwa mara ya kwanza, ile ambayo simu iliyowekwa Kiswahili huiita kuoanisha.

Bluetooth husafiri kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi. Ile ya kawaida imeyagawa masafa hayo katika chaneli 79, na vifaa vilivyounganishwa huruka pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Wengine hudhani kuruka huko ndiko usalama. Sivyo. Kuruka husaidia kukwepa makelele ya redio nyingine, na mpangilio wake hukokotolewa kutokana na anwani (utambulisho wa Bluetooth) na saa ya kifaa kimojawapo, kwa hiyo mwenye chombo kinachofaa anaweza kuufuata. Umbali nao si ukuta. Kifaa cha milliwati 2.5 hufika kama mita 10 kikisikilizwa na simu ya kawaida, lakini antena iliyoelekezwa kwake hukisikia kutoka mbali zaidi ya hapo.

Kinacholinda ni ufunguo. Kwa mtindo wa sasa, ulioletwa na toleo 2.1 mwaka 2007, kila kifaa hutunga namba mbili: moja ya siri isiyotoka ndani yake kamwe, na moja ya wazi inayozaliwa na ile ya siri. Zile za wazi hubadilishwa hewani. Kisha kila kifaa huchanganya siri yake na namba ya wazi ya mwenzake, na hesabu hiyo huleta jibu lilelile pande zote mbili. Anayesikiliza pembeni amezipata namba zote mbili za wazi, lakini kuzirudisha nyuma hadi kwenye siri ni hesabu inayozishinda kompyuta za leo. Kutokana na jibu hilo hutengenezwa ufunguo wa biti 128 unaohifadhiwa kwenye vifaa vyote viwili, na taarifa zinazopita baadaye husimbwa, yaani hufichwa zisisomeke na mwingine, kwa funguo zinazotokana nao. Bluetooth ya nishati ndogo, ile ya saa za mkononi na mizani nyingi mpya, ilipata hesabu hii baadaye, kwa toleo 4.2 la mwaka 2014.

Tundu limebaki moja. Namba ya wazi haijaandikwa jina la mwenyewe. Mtu akijiweka katikati, akaipa simu namba yake na mashine namba yake, zote mbili zitaoanishwa naye huku zikiamini zimeoanishwa zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana skrini huonyesha tarakimu sita na kuuliza kama zinafanana na za upande wa pili. Tarakimu hizo hutokana na namba za wazi ambazo kila upande umezipokea. Kukiwa na mtu katikati hazilingani, na nafasi yake ya kubahatisha zilingane ni moja katika milioni. Si siri, hazihitaji kufunikwa kwa kiganja kama PIN ya benki. Zinahitaji macho mawili ya kuzilinganisha. Karani anayebonyeza “Oanisha” huku akijibu salamu ameiondoa kinga yote kwa kidole kimoja, wala hakuna programu itakayomrudishia.

Vifaa visivyo na skrini, kama spika na vile vya kuvaa masikioni, haviulizi chochote. Vinasimba, ila havimtambui anayeongea navyo. Dawa yake ni kuvioanisha ofisini au nyumbani, mbali na watu, wala si siku ya kupima wakati foleni imefika mlangoni.

Sasa tuje kwenye mashine za risiti, maana hapo ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi. Nyingi kati ya zile ndogo za karatasi ya milimita 58 bado hutumia mtindo wa zamani wa PIN, na kiwandani huwekewa 0000 au 1234. Katika mtindo huo PIN yenyewe ni kiungo cha ufunguo. Tarakimu nne hutoa uwezekano 10,000 tu, na kompyuta iliyonasa mazungumzo ya kuoanisha huumaliza wote chini ya sekunde moja. Lakini nani ahangaike kunasa kitu, ikiwa 0000 inajulikana na kila mtu? Mwenye simu aliye karibu na dirisha la ghala anaweza kuoanisha, kisha akachapa risiti kwenye karatasi yenu, kwa mashine yenu, ikiwa na kilo anazozitaka yeye. Tena mashine za aina hii kwa kawaida hushika simu moja kwa wakati mmoja. Simu ngeni ikitangulia kuishika, ya karani huandika kwamba imeshindwa kuunganisha, na watu huilaumu mashine kuwa ni mbovu.

PIN hubadilishwa kwa programu ya mtengenezaji, mara nyingi kwa kuunganisha mashine na kompyuta kwa waya wa USB. Mtindo wa zamani huruhusu PIN ya hadi herufi 16, na kama mashine inakubali ndefu, iwekwe ndefu. Ikikubali nne tu, epukeni 1111 na mwaka wa kuzaliwa wa mtu. Mashine isiyobadilika PIN kabisa itumiwe kwa waya. Mjue pia kwamba mashine nyingi, zikizimwa kisha zikawashwa huku kitufe cha kusogeza karatasi kimeshikiliwa, huchapa ukurasa wa majaribio wenye jina na anwani ya Bluetooth, na baadhi huichapa na PIN. Ukurasa huo ni wa thamani kwa karani: anwani ya herufi na tarakimu 12 iliyomo humo ndiyo inayotakiwa kuonekana kwenye simu yake akigusa alama ya mipangilio kando ya jina la mashine. Iandikwe kwenye daftari la kituo. Ukurasa wenyewe uchanwe, na mashine isiachwe mezani bila mtu, kwa kuwa sekunde tano zinatosha kuuchapa mwingine.

Kwenye mizani pana jambo jingine. Baadhi ya mizani za bei nafuu hazioanishwi kabisa. Hutangaza uzito hewani kama redio, bila kusimba, na simu yoyote yenye programu yake hupokea. Kwenye ghala lenye mizani mbili za jina moja, simu inaweza kuchukua uzito wa gunia la jirani bila hila ya mtu yeyote. Programu ya karani ifungwe kwenye anwani moja iliyosajiliwa. Hata hivyo anwani nayo huigizwa, ndiyo maana tunasisitiza macho ya mkulima. Wakala wa Vipimo hukagua mizani, na muhuri wake unahusu mizani yenyewe. Hauilindi safari ya namba kutoka mizani hadi simu na kutoka simu hadi karatasi. Mzee akileta gunia lake, asome uso wa mizani kwa sauti, kisha karani asome simu, kisha wote wasome risiti. Kama mizani inasema 81.4, namba hiyo ionekane mara tatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni namba hizo tatu.

Kukatika kwa mawasiliano kunaleta hatari yake. Maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu una maji mengi. Ukiweka simu mfukoni, ukasimama kati yake na mashine, nyuma yako pakiwa na ukuta wa magunia yaliyopangwa hadi juu, umeikata njia. Simu, mashine na mizani viwe ndani ya mita mbili au tatu na vionane. Betri ni sababu nyingine: kichwa cha kuchapia huvuta umeme mwingi kwa ghafla, betri iliyochoka huangusha volti, mashine hujizima na kujiwasha, na risiti hutoka nusu. Makarani wengi wakiona hivyo hukimbilia kufuta kifaa kwenye simu na kukioanisha upya palepale mbele ya watu. Hilo ndilo kosa. Kuunganisha tena hutumia ufunguo uliokwisha kuhifadhiwa, lakini kuoanisha upya hurudisha ile dakika ya hatari tuliyoieleza, na anayetaka kujiweka katikati huisubiri hiyo, au huisababisha kwa kuvuruga mawasiliano. Angalieni kwanza betri, umbali, na kama kuna simu nyingine iliyoishika mashine. Ikibidi kuoanisha, ingieni chumba cha ndani. Ombi la kuoanisha likitokea kwenye skrini bila mtu yeyote kulianzisha, likataeni.

Simu yenyewe nayo itazamwe. Mwezi Desemba 2023 kulitangazwa kasoro inayomwezesha mtu aliye karibu kuiaminisha simu ya Android kwamba yeye ni kibodi, akaanza kuiandikia bila mwenye simu kukubali chochote. Android 11 na kuendelea zilipata tiba katika sasisho la usalama la tarehe 5 Desemba 2023, lakini Android 10 na za nyuma hazikuipata. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, kisha usome toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Simu ya toleo la 10 kushuka chini isifanywe simu ya kituo, na mwenye nayo binafsi azime Bluetooth kila anapomaliza kuitumia. Kuhusu programu ya risiti kuomba ruhusa ya mahali ulipo: kabla ya Android 12, mfumo wenyewe ulidai ruhusa hiyo ili programu iweze kutafuta vifaa vya Bluetooth. Kuanzia Android 12 ipo ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, na programu ya kuchapa tu haina sababu ya kudai zaidi ya hiyo.

Kwa wanaokodi magari ya kwenda Masasi au Kilwa: redio ya gari ikioanishwa huomba majina na orodha ya simu ulizopiga. Kataa, muziki utapiga bila hayo. Kama ulishakubali, futa simu yako kwenye redio kabla ya kushuka; kufuta upande wa simu peke yake hakuondoi majina yaliyobaki kule.

Ombi letu ni kwa vyama vikuu, yaani TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao. Mafunzo ya makarani ya kabla ya msimu yapewe nusu saa ya jambo hili, kila karani akiwa na mashine yake mkononi: abadilishe PIN, achape ukurasa wa majaribio, alinganishe anwani, aiandike daftarini pamoja na tarehe ya sasisho la simu ya kituo. Msimu ukifungwa, kuoanishwa kufutwe pande zote mbili, kwenye simu na kwenye mashine, kabla vifaa havijarudishwa kabatini. Risiti hubeba jina la mkulima, na programu ya karani huweza kubeba pia namba yake ya simu na ya akaunti ya benki. Hizo ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na simu ya kituo isikabidhiwe kwa mtu mwingine zikiwa bado zimo.

Ni sisi,
Mafundi wa simu na vifaa vya kielektroniki,
Mtwara