Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano: tuambieni pia mkonga wa mtaani ukikatika

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Mheshimiwa,

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mamlaka yako haikunyamaza. Ilitoa taarifa kwa umma, ikataja mikonga iliyokatika, ikasema ule wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulikuwa salama. Taarifa haikuunganisha mkonga, lakini mwenye kazi ya kutuma alijua kama asubiri au atafute njia nyingine.

Nakuandikia kuhusu mikonga ile mingine, inayopita juu ya vichwa vyetu Kasarani, Umoja, Rongai na Kitengela. Hiyo ikikatika hakuna anayetuambia lolote.

Mteja akipiga simu kwa kampuni yake huambiwa azime ruta, angoje kidogo, aiwashe. Akisema amekwisha fanya hivyo, huambiwa kuna hitilafu katika eneo lake na mafundi wanaishughulikia. Hitilafu gani? Iko wapi? Ni ya saa mbili au ya siku mbili? Mazungumzo huishia hapo. Nimewahi kufanya kazi ya kuvuta nyaya hizi mitaani, kwa hiyo niruhusu nikueleze yale ambayo kijana anayepokea simu hana ruhusa ya kuyasema, au hata yeye hakuambiwa.

Intaneti ya nyumbani huja kwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni hugawanywa ndani ya visanduku vinavyofungwa juu ya nguzo, ukahudumia nyumba 32, pengine 64. Visanduku hivyo havihitaji stima, na huo ndio uzuri wake. Lakini uzi ukikatika kabla haujagawanywa, nyumba zote huzimika kwa mpigo, na kampuni huliona hilo papo hapo kwenye kompyuta zake, maana vifaa vya wateja wote wa uzi huo hunyamaza pamoja. Tena vifaa vingi vikikatiwa stima hutuma ujumbe mfupi wa mwisho kabla ya kuzimika, ili kituo kijue kwamba kilichopotea ni umeme wala si uzi. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba kampuni haikujua mpaka tulipopiga simu, mara nyingi si kweli.

Nyumba moja ikizimika peke yake ni habari nyingine. Waya umekunjwa kupita kiasi nyuma ya kabati, au panya ameutafuna, na kwenye kifaa inawaka taa nyekundu yenye herufi LOS, yaani mwanga haufiki. Taa hiyo ikiwaka, zima ruta na kuiwasha mpaka usiku wa manane, hutapata kitu.

Nani hukata? Lori lenye shehena iliyopanda juu mno. Tingatinga la mkandarasi wa barabara au wa maji taka anayechimba bila kuuliza kilichoko chini. Mwizi anayedhani atapata shaba, akakuta kioo kisichouzika popote. Nguzo iliyooza shina, ikaanguka pamoja na nyaya za kampuni tatu au nne zilizoning'inizwa juu yake. Na fundi wa kampuni nyingine aliyepanda kumwunganisha mteja wake, akavuruga waya usio wake. (Hilo la mwisho nimeliona kwa macho yangu, na si kila mara huwa ni bahati mbaya.)

Kuna stima pia. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani. Hali ikiwa hivyo, hata mwenye betri nyumbani kwake hutegemea betri za vituo vya kampuni, na betri hizo zina saa zake. Zikiisha, ruta yako itawaka vizuri na intaneti isiwepo. Halafu kuna saa mbili usiku, kila mtu akiwa amerudi nyumbani. Hapo hakuna kilichokatika, ila kampuni imeuza kasi kwa watu wengi kuliko njia yake inavyoweza kubeba.

Nisiwaonee. Jioni ya 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kwa takribani saa sita kwa sababu ya kosa la mipangilio ndani ya mitambo ya wenyewe, na kampuni za hapa hazikuwa na hatia yoyote. Lakini mteja aliyezoea kutoambiwa chochote atajuaje tofauti?

Kimya hiki kina gharama nyingine, na hii inakuhusu wewe moja kwa moja. Tarehe 24 Juni 2024 ofisi yako ilisema haina nia yoyote ya kuzima intaneti. Kesho yake, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yakiwa yamepamba moto, intaneti ilidorora, na kukaelezwa kwamba mikonga ya baharini ilikuwa na hitilafu. Wakenya wengi hawajaamini mpaka leo. Mimi sihukumu nani alisema kweli. Nasema tu kwamba watu wasiopewa sababu siku za kawaida hawataipokea sababu siku ya moto.

Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Naomba mambo hayo yaingie katika masharti ya leseni za kampuni za intaneti ya nyumbani: mtaa ukizimika, wateja wapate ujumbe ndani ya saa moja, kwa Kiswahili, unaotaja mahali, sababu na muda unaotarajiwa. Na zile ripoti zenu za kila robo mwaka, zinazoonyesha kila kampuni ina wateja wangapi, ziongezewe safu ya saa ambazo wateja hao walikosa huduma, na kwa sababu gani. Ikijulikana kwamba tingatinga ndilo linalokata zaidi ya mwizi, mtajua pa kuanzia mkikaa na wakandarasi wa barabara na wenye nguzo za stima.

Kuhusu fidia, Uingereza ilianza mpango wake Aprili 2019: intaneti ikikatika na isitengenezwe baada ya siku mbili kamili za kazi, kampuni zilizojiunga humlipa mteja kwa kila siku inayozidi, bila yeye kuomba. Sisi hatuhitaji hata kulipwa pesa taslimu. Siku zilizopotea ziongezwe mwishoni mwa kifurushi, zenyewe, bila mtu kupiga simu.

Kampuni zitasema mitambo ya kufanya hivyo ni ghali. Mitambo wanayo: ujumbe wa kutukumbusha kulipa hutufikia kila mwezi bila kukosa, hata mtandao ukiwa umelala.

Wako,
Mteja wa intaneti ya nyumbani, Kasarani