Mkono wangu haukuinuliwa na mashine

Ndugu Mhariri,

Tangazo lenu la mashine ya mtetemo inayodaiwa "kufufua mishipa ya fahamu kwa siku 14" limeshaleta watu watatu kibandani kwangu hapa Nachingwea. Wanataka kuiona yangu, maana wamesikia imeniponya. Naomba nafasi niseme.

Mimi ni fundi cherehani. Oktoba iliyopita, minada ya korosho ndiyo inaanza, bodaboda ilituangusha nikavunjika mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Kiganja kikalala kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Ajabu yake, mkasi niliweza kuufunga, kuufungua sikuweza. Daktari akasema neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoinua kiganja na kukunjua vidole imepondeka, haikukatika. Itaota tena, kama milimita moja kwa siku.

Nikachukua futi yangu ya kazi. Toka palipovunjika hadi msuli wa kwanza chini ya kiwiko, sentimita 12. Basi ni siku 120.

Mashine nilinunua, sikatai. Shilingi 150,000, hela ya sare za shule. Ukiiweka begani maumivu yanapoa, usingizi unakuja. Lakini kiganja kiliinuka mwanzoni mwa Machi, wiki tatu tu nje ya hesabu ya futi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia utafiti wa mtetemo kwa neva zilizoumia umefanywa zaidi kwa panya, na unatia moyo. Sawa, ila mguu wa panya na mkono wangu wapi na wapi? Tena mtetemo ukizidi unadhuru: kaka yangu anapasua mbao Liwale kwa msumeno wa injini, vidole vyake vina ganzi mpaka leo.

Vilivyonifaa havina tangazo: banzi la kushikilia kiganja, na binti yangu kuninyoosha vidole kila jioni visikakamae.

Ninayemhofia ni yule ambaye neva imekatika kabisa. Akijifungia na mashine mwaka mzima badala ya kumwona daktari wa upasuaji, msuli unakonda, na neva ikija kuunganishwa baadaye inakuta umeshakufa. Kabla hamjalirudia tangazo, muulizeni mwenye mashine siku 14 hizo kazipima kwa nani.

Kidole gumba bado. Toka palipovunjika hadi msuli wake ni sentimita 24, nakitegemea mwezi wa saba. Kwa sasa nachora chaki, binti anakata.

Fundi cherehani,
Nachingwea, Lindi