Watoto wakienda shambani, wachume na wapike

Mhariri,

Ziara ya watoto wa shule kwenye mashamba ya kando ya Mto Sabaki haifai kuishia kwa picha, soda na biskuti. Mtoto huionja kwa hamu mboga aliyoichuma mwenyewe, hasa akishiriki kuipika.

Mwalimu amwulize mkulima mapema: dawa ya wadudu ilipigwa lini? Siku za kungoja kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye chupa. Kama hazijaisha, shamba hilo liachwe. Watoto wafike saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali, na wasisogee ukingoni mwa mto. Kuna mamba na viboko.

Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu vitamini C huyeyuka ikapotea majini. Dakika 5 jikoni zatosha. Utiwe tui la nazi: viini vya vitamini A vilivyomo kwenye mboga hufyonzwa vizuri penye mafuta. Kisamvu ni shughuli nyingine. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa sana. Kwa ziara ya asubuhi moja, afadhali kiachwe.

Kila darasa lirudi na mbegu za mchicha. Ni ndogo mno, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe juu ya gunia la udongo na samadi iliyooza, zifunikwe nusu sentimita tu. Zikizikwa chini zaidi hazichipui, kisha lawama zote humwendea muuza mbegu. Zikimwagiliwa kila siku, mavuno ya kwanza huwa baada ya wiki 3 hadi 4.

Wasomaji, Malindi