Mwanaidi, niulizie hiyo safari ya Seif

Ngamiani, Tanga
Alhamisi usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Na hao watoto unaowalea huko hawajambo? Sisi huku alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua lakini anakula vizuri, na Bi Zuhura kashakusamehe ile habari ya vitenge, kaniambia nikufikishie. Tumenyamaziana mno, hilo tutagombana ukija. Leo nina shida, na shida yenyewe iko huko huko Jeddah ulipo.

Ni Seif, mtoto wa marehemu dada. Kapata mtu anayejiita wakala wa wachezaji, kamwona akicheza uwanja wa shule, kamwambia ana kipaji cha kwenda Uarabuni. Sasa kuna barua. Klabu kubwa ya hapo mjini kwenu, ati, inamwita kwenye majaribio. Barua hiyo nimeishika mwenyewe. Nembo imepauka na imekaa upande, muhuri una rangi ile ile ya maandishi kwa sababu umetoka kwenye printa pamoja na barua. Chini pana jina la mtaa wa Jeddah na barua pepe ya bure kama yangu na yako. Huyo wakala anataka milioni nne na nusu za viza, vipimo, bima na "kushika nafasi", zitumwe kwenye namba yake ya simu.

Na kaka Omari, badala ya kumfukuza, anataka kuuza shamba la minazi la Kigombe. Shamba la Mama! Mama naye kashalainika, maana Seif kila akiingia ndani anamwita "bibi yake Ronaldo", basi anacheka mpaka anasahau miguu.

Mwanaidi, mimi si mtu wa kuchukia mpira, unanijua. Kibanda umiza changu cha kuonyeshea mechi ndicho kinacholisha nyumba hii. Tangu Ronaldo asaini Al-Nassr mwisho wa mwaka 2022, vijana wangu wameanza kuiulizia ligi ya Saudia kama wanavyoiulizia ya Uingereza. Halafu 2023 mfuko wa uwekezaji wa serikali yenu ukachukua asilimia 75 ya klabu nne kwa mpigo, Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli, na majira yale ya usajili ilikuwa kila asubuhi jina jipya: Benzema, Kanté, Mahrez, Mané, Neymar. Mshahara wa Ronaldo magazeti yaliutaja kuwa yuro milioni 200 kwa mwaka, matangazo yakiwemo. Ubaoni kwangu, pale ninapoandika mechi za leo na kiingilio, kuna hesabu ya chaki: zaidi ya yuro laki tano kwa siku, hata siku asiyocheza. Aliyeipiga ni Seif. Kila nikitaka kuifuta ananizuia mkono.

Siwalaumu wachezaji waliokwenda. Mané kajenga hospitali kijijini kwao Bambali, Senegal, kwa hela ya miguu yake mwenyewe, nani atamwambia asichukue nyingine? Lakini huyo Mané ndiye Seif na Omari wananitajia kila siku, "mbona katoka kijijini?" Katoka kijijini, ndiyo, akapita Dakar kwenye shule ya mpira, akaenda Metz, Salzburg, Southampton, akakaa Liverpool miaka sita, akapita Bayern, ndipo akafika Al-Nassr ya Riyadh akiwa na miaka 31. Benzema alikuwa na 35, Ronaldo 37. Saudia ilikuwa kituo chao cha mwisho mwisho. Wanalipwa kwa sababu dunia nzima ilikuwa inawatazama kabla hawajafika, na nchi inalitaka hilo jicho la dunia. Imelipata pia, Kombe la Dunia la 2034 ni lao. Sasa Seif wangu wa Ngamiani ataleta jicho la nani?

Omari akaniambia kuna nafasi za vijana. Zipo. Tangu msimu wa 2024 klabu ya ligi kuu inaruhusiwa wageni 10, na wawili kati yao sharti wawe vijana. Lakini vijana wanaotafutwa ni wa aina gani? Gabri Veiga alikwenda Al-Ahli ana miaka 21, na alikwisha kung'ara kwenye ligi kuu ya Hispania, mpaka Toni Kroos, wakati huo wa Real Madrid, akaandika hadharani kuwa kuhama huko ni aibu. Tena Veiga mwenyewe 2025 alirudi zake Ulaya, Porto.

Nikamtajia Omari Simon Msuva wetu. Msuva alicheza Saudia, Al-Qadsiah, sikatai. Alianzia Dar, akatamba Yanga, akaenda Morocco Difaa El Jadida, halafu Wydad, na huku kote anaichezea Taifa Stars. Kila alipohama, klabu ilimtaka kwa walichokiona uwanjani. Hata huyo Ronaldo hakuambiwa atume nauli! Anayekuhitaji ndiye anayelipa, tena analipa na klabu yako. Hili nimelirudia nyumbani mpaka sauti imekauka, na Omari ananijibu kuwa wivu wa wanawake ndio unaowaangusha watoto wa kiume. Nimeumia, Mwanaidi. Seif nimemlea mimi tangu dada afariki, wewe ulikuwepo.

Mwalimu Mbaruku ndiye aliyenipa la kushika. Seif ana miaka 16, na FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya 18 kuhamishwa nchi hadi nchi isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Omari anasema wenye hela hawashikwi na sheria. Barcelona walifungiwa usajili kwa ajili ya watoto hao hao, Chelsea nao 2019 wakafungiwa, hao hawakuwa na hela? Vile vile FIFA wameweka mtandaoni orodha ya mawakala wenye leseni. Nimelitafuta jina la huyu bwana kwa kila namna ya kuliandika, halimo.

Kinachoniuma kuliko hiyo milioni nne na nusu ni kwamba mtoto kaacha mazoezi. Wakala kamwambia asicheze cheze ovyo akaja kuumia kabla ya vipimo. Jioni wenzake wanapita na mpira, yeye kakaa barazani na raba safi miguuni, anatazama simu. Shuleni anakwenda siku anayotaka, yuko kidato cha tatu! Na Mwalimu Mbaruku alikuwa kashasema na watu wa Coastal Union, klabu yetu ya hapa Tanga, wamtazame kwenye timu ya vijana, bure, kwa miguu kutoka hapa nyumbani. Sasa Seif hataki kuisikia Coastal. Ati ni ndogo. Kapigiwa hesabu ya laki tano kwa siku, ataionaje Coastal kubwa?

Halafu hizo hela zenyewe zinaweza kukoma siku yoyote, hilo nalo hawalitaki. China walifanya vivi hivi, wakawabeba kina Oscar na Tevez. Klabu ya Jiangsu walichukua ubingwa wa China 2020, miezi michache baadaye klabu ikafungwa. Bingwa! Kama bingwa anafungiwa mlango... basi, nisikuchoshe na China.

Wewe umekaa huko miaka, unajua riyali moja inavyotoka. Mimi nikisema, ni mama mdogo mwenye wivu. Ukisema wewe kwa sauti yako, ukamtumia Seif ujumbe wa kusikiliza, atakaa chini. Anakuheshimu, na Mama anakuamini kuliko anavyomwamini Omari. Picha ya barua nimekutumia pamoja na hii.

Basi nijibu haya. Huo mtaa ulioandikwa upo Jeddah kweli, na kuna nini hapo, uwanja au maduka? Yule dereva wa kwenu, mshabiki wa Al-Ittihad, anaweza kukuulizia kama klabu zinaita watoto kwa barua za namna hii? Je, umesikia kijana yeyote wa huku aliyefika hapo kwa mpira akajikuta anafanya kazi nyingine, na pasipoti yake anayo nani? Nikienda kituo cha polisi na picha ya barua tu, watanisikiliza, au nisubiri aombe hela tena? Na ujumbe wa sauti utautuma lini? Jumatatu Omari anampeleka mnunuzi Kigombe, kwa hiyo fanya uniwahi kabla ya hapo, hata ukiwa umechoka na kazi. Mama kashaambiwa aandae hati.

Salimia wote hapo. Mwajuma anasema picha ulizomtumia zimemfikia.

Wako,
Amina